Bei, kura, wizi au risasi: kutambua chanzo halisi cha maandamano ya umma

Januari 1977 serikali ya Anwar Sadat nchini Misri iliondoa ruzuku za vyakula, mkate ukiwemo. Kwa siku mbili, tarehe 18 na 19, watu walifurika barabarani katika miji mikubwa hadi jeshi likaitwa. Ruzuku zikarudishwa na mitaa ikatulia. Oktoba 2019 nauli ya treni ya chini ya ardhi mjini Santiago, Chile, ilipanda kwa peso 30 saa za msongamano, kutoka 800 hadi 830. Wanafunzi wa sekondari wakaanza kuruka vizuizi vya tiketi kwa makundi. Tarehe 19 Rais Sebastián Piñera akaisimamisha nyongeza hiyo. Tarehe 25 watu zaidi ya milioni moja wakajaa katikati ya jiji.

Kwa picha za siku ya kwanza, matukio hayo mawili yanafanana kama mapacha: bei imepanda, watu wamechukia, moto umewaka. Lakini la Misri lilikuwa la bei kweli. La Chile, bei ilikuwa njiti ya kiberiti tu. Kuni zilikuwa zimepangwa miaka mingi, na mabango yenyewe yalisema hivyo: si peso 30, ni miaka 30.

Anayechanganya cheche na kuni hukosea kila kinachofuata. Mwandishi huripoti habari ya nauli wakati watu wanazungumzia katiba. Mwanaharakati huandika dai dogo ambalo serikali italikubali asubuhi na kumwacha mikono mitupu. Waziri hufuta tozo na kushangaa jioni kuona umati umeongezeka mara tatu.

Vyanzo vitano vinavyotajwa zaidi vimewekwa hapa ubavu kwa ubavu, ili mtu aweze kuchagua kipi kinaeleza maandamano anayoyatazama. Kipimo kinachofaa kuliko vyote ni hiki: nini hutokea siku dai la kwanza linapokubaliwa?

| Chanzo | Huanza lini | Wanaotangulia kutoka | Dai la kwanza | Kinachotuliza |
|---|---|---|---|---|
| Bei na kodi | Siku chache baada ya bei mpya au mswada | Wanafunzi, wachuuzi, madereva, vibarua | Futeni | Kufuta kote, mapema |
| Kura na mihula | Kwa kalenda ya uchaguzi au ya kubadili katiba | Upinzani, mawakili, asasi za kiraia, vijana wa mijini | Usigombee, hesabuni upya, tajeni tarehe | Uamuzi wa chombo kinachoaminika |
| Wizi wa mali ya umma | Ushahidi unapotoka hadharani | Wenye mishahara, wanavyuo, familia nzima | Jiuzulu, ushtakiwe | Mashtaka yenye majina |
| Huduma zilizokufa | Uhaba unapovuka uvumilivu | Wakazi wa mitaa iliyokauka | Maji, umeme, mafuta | Huduma yenyewe kurudi |
| Ukatili wa dola | Baada ya kifo au video moja | Rika la aliyeuawa | Haki kwa waliouawa | Askari kufikishwa mahakamani |

Jedwali hili linasaidia kuanza tu. Maandamano makubwa hayabaki kwenye mstari mmoja, na mengi huanzia juu ya jedwali yakaishia mstari wa mwisho.

Bei na kodi

Mfumuko wa bei wa polepole huwaumiza watu sana lakini mara nyingi hauwatoi barabarani. Kodi mpya huwatoa. Siri iko kwenye sahihi. Unga ukipanda kwa sababu ya ukame, hakuna wa kumshika shati. Mswada una waziri aliyeuwasilisha, wabunge watakaoupigia kura na rais atakayeutia sahihi. Una tarehe pia, na tarehe humpa kila mtu siku ya kukutana na mwenzake.

Kenya mwaka 2024 ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ushuru wa kutuma pesa kwa simu upande kutoka asilimia 15 hadi 20, na tozo ya mazingira ambayo ingegusa hata nepi za watoto. Angalia jinsi vifungu hivyo vilivyogawanywa: mkate unagusa kila nyumba, gari linagusa tabaka la kati, pesa za simu zinamgusa mchuuzi na mzazi anayetumiwa matumizi na mwanawe. Mswada mmoja uliwaunganisha watu ambao kwa kawaida hawaandamani pamoja. Vijana wakautafsiri, wakausoma kifungu kwa kifungu mitandaoni, wakasambaza namba za simu za wabunge.

Tarehe 18 Juni kamati ya bunge iliondoa kodi ya mkate, ya magari na nyongeza ya pesa za simu. Kama chanzo kingekuwa bei peke yake, hapo pangetosha. Lakini wito ulikuwa umeshakuwa kukataa mswada mzima, si kuurekebisha, kwa sababu hoja ilikuwa imehama kutoka kiasi cha kodi kwenda kwa mtumiaji wa kodi: safari za viongozi, magari yao, na deni ambalo hakuna aliyeeleza lilikokwenda. Tarehe 25 Juni bunge liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, risasi zikafyatuliwa. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Dai la kwanza lilikubaliwa lote, na maandamano hayakuisha; tarehe 11 Julai alilazimika kuwaachisha kazi karibu mawaziri wote.

Sasa linganisha Maputo na Atbara. Septemba 2010 mji mkuu wa Msumbiji uliwaka kwa sababu ya kupanda kwa bei ya mkate na gharama nyingine, watu wakiitana kwa ujumbe mfupi wa simu. Serikali kwanza ilisema bei haziwezi kurudi, kisha ndani ya wiki moja ikaurudisha mkate kwenye bei ya awali. Maandamano yakaisha. Desemba 2018, Atbara, mji wa reli kaskazini mwa Khartoum, mkate ulipanda kutoka pauni moja ya Sudan hadi tatu. Tarehe 19 watu walitoka na kuichoma ofisi ya chama tawala. Siku chache baadaye chama cha wanataaluma wa Sudan, kilichokuwa kikijiandaa kwenda bungeni kudai mshahara wa kima cha chini, kikabadilisha hati yake na kudai Rais Omar al-Bashir aondoke. Mkate haukutajwa tena kama jambo la kwanza. Al-Bashir akaondolewa tarehe 11 Aprili 2019.

Kwa nini Maputo iliisha na Atbara haikuisha? Sudan ilikuwa imepoteza takriban robo tatu ya mafuta yake Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011, hivyo hazina haikuwa na pa kutoa ruzuku. Na mtawala alikuwa amekaa karibu miaka 30, kila aliyekuwa na kisa chake amekitunza. Mkate ulikuwa wa mwisho kwenye orodha ndefu.

Jambo moja husahauliwa sana katika kundi hili: serikali haipandishi bei kwa kupenda. Mara nyingi hazina imekauka, wakopeshaji wanadai, na tozo ni njia ya haraka. Ndiyo maana kufuta tozo hutuliza mtaa lakini huacha shimo kwenye bajeti, na shimo hilo hurudi mwaka unaofuata kwa jina jingine. Anayetabiri maandamano yajayo asiangalie mitandao kwanza. Aangalie ratiba ya kulipa madeni na makadirio ya mapato.

Kura na mihula

Hapa hakuna mkate. Watu hutoka kwa sababu ya kifungu cha sheria, na wanakijua kwa namba. Burkina Faso ilikuwa ibara ya 37, iliyoweka ukomo wa mihula miwili. Rais Blaise Compaoré, madarakani tangu Oktoba 1987, alitaka ibadilishwe. Tarehe 30 Oktoba 2014, siku ya kura bungeni, jengo la bunge lilichomwa moto. Mswada ukaondolewa siku ileile, lakini ulichelewa kwa saa chache. Kesho yake akajiuzulu.

Senegali ilimwona Rais Abdoulaye Wade akifanya jaribio la aina hiyo tarehe 23 Juni 2011: mswada ambao ungeruhusu rais kushinda duru ya kwanza kwa asilimia 25 tu ya kura. Watu wakazingira bunge, mswada ukaondolewa siku hiyohiyo. Aliendelea kugombea muhula wa tatu, akashindwa duru ya pili Machi 2012. Kwa nini Dakar haikufika ilikofika Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso? Kwa sababu sanduku la kura lilikuwa bado linaaminika. Watu walikuwa na mahali pa kupeleka hasira.

Hiyo ndiyo tofauti inayofaa kutafutwa katika kundi hili: je, mlango mwingine uko wazi? Rais wa Senegali Macky Sall alipoahirisha uchaguzi tarehe 3 Februari 2024, mitaa iliwaka tena. Baraza la Katiba likabatilisha uahirishaji tarehe 15, uchaguzi ukafanyika Machi 24, na Bassirou Diomaye Faye akashinda duru ya kwanza. Majaji walifanya kazi ambayo polisi hawangeweza. Burundi mwaka 2015 mambo yalikwenda kinyume. Rais Pierre Nkurunziza aliteuliwa kugombea muhula wa tatu mwezi Aprili, maandamano yakaanza kesho yake, na mahakama ya katiba ikamruhusu mwanzoni mwa Mei, huku makamu wa rais wa mahakama hiyo akikimbilia nje na kusema majaji walishinikizwa. Jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei likashindwa, uchaguzi ukafanyika Julai, na mamia ya maelfu ya watu wakawa wakimbizi, wengi wao Tanzania.

Tanzania yenyewe, tarehe 29 Oktoba 2025, iliingia kwenye mstari huu wa jedwali. Chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, kilikuwa kimeenguliwa kwenye uchaguzi tangu Aprili, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na mgombea wa ACT-Wazalendo naye akaondolewa. Siku ya kupiga kura watu wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na matokeo yakatangazwa kwa ushindi wa karibu asilimia 98. Ukitaka kujua kwa nini ilitokea siku ile na si nyingine, usitafute bei ya kitu chochote. Milango yote miwili, wa debe na wa mahakama, watu waliiona imefungwa, na visa vya kutekwa kwa wakosoaji vilikuwa vimeshasambaa.

Dai la kura lina shida yake: haligawanyiki. Tozo unaweza kuipunguza nusu. Mtu hawezi kugombea nusu. Kwa hiyo mazungumzo ya aina ya "tukutane katikati" hayafai hapa, na anayeyaongoza kwa mtindo wa mgogoro wa mishahara atapoteza muda. Kinachogawanyika ni wakati, yaani tarehe ya uchaguzi au ya kuondoka, na ni nani atakayesimamia.

Wizi wa mali ya umma

Ufisadi hutajwa kwenye kila bango, ndiyo maana watu wengi huuchagua haraka kama chanzo. Hilo ni kosa la kawaida kuliko yote. Ufisadi upo kila siku. Usingeweza kueleza kwa nini watu wametoka Jumanne hii. Unakuwa chanzo pale tu panapotokea vitu vitatu pamoja: jina, kiasi, na ushahidi ambao mtu wa kawaida anauelewa bila kuelezwa na mhasibu.

Guatemala, Aprili 2015, ilipata vyote. Tume ya kupambana na ukwepaji wa adhabu, iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa, iliweka hadharani mtandao wa forodha ulioitwa La Línea, yaani "laini", kwa sababu ulifanya kazi kwa simu: mwagizaji wa mizigo alipiga namba, akaelekezwa, akalipa ushuru pungufu na kutoa kitu kidogo kwa genge. Mazungumzo yao yalikuwa yamerekodiwa. Kila aliyewahi kusubiri dawa hospitalini akaelewa papo hapo fedha zilipopita. Watu wakawa wanakutana kila Jumamosi kwenye uwanja mkuu wa jiji, na watoto, kwa amani. Makamu wa rais Roxana Baldetti alijiuzulu Mei. Rais Otto Pérez Molina alijiuzulu mwanzoni mwa Septemba, baada ya bunge kumwondolea kinga.

Linganisha mwendo huo na wa bei. Maandamano ya mkate hupanda na kushuka ndani ya siku chache. Ya wizi huenda miezi, hutulia katikati ya wiki na kurudi mwisho wa wiki, kwa sababu waandamanaji wana kazi za kwenda Jumatatu. Korea Kusini ilifanya vivyo hivyo kuanzia mwisho wa Oktoba 2016, Jumamosi kwa Jumamosi na mishumaa mkononi, hadi bunge lilipopiga kura 234 dhidi ya 56 kumshtaki Rais Park Geun-hye tarehe 9 Desemba, na Mahakama ya Katiba ikamwondoa Machi 2017. Mwendo wa kila wiki ukiuona, na mabango yana jina la mtu badala ya jina la bidhaa, chagua mstari huu bila kusita sana.

Kuna namna ya pili, adimu zaidi: sheria inayohalalisha wizi. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 serikali ya Romania ilitoa amri ya dharura iliyofanya matumizi mabaya ya ofisi yasiwe jinai ikiwa hasara haifiki lei 200,000. Tarehe 5 Februari amri ilifutwa, na jioni hiyohiyo umati ukawa mkubwa kuliko siku zote zilizotangulia. Watu walikuwa wamejua kwamba serikali iliyotunga amri ile usiku inaweza kutunga nyingine.

Huduma zilizokufa

Ya huduma ni maandamano ya mtaa kwanza, ya taifa baadaye. Huanza pale mabomba yamekauka na umeme umekatwa, na mwanzoni hayana kiongozi wala chama. Madagaska tarehe 25 Septemba 2025 yalianza hivyo mjini Antananarivo: maji na umeme. Rais Andry Rajoelina alimfukuza waziri wa nishati, kisha tarehe 29 akavunja serikali nzima, kisha akamteua jenerali kuwa waziri mkuu. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyoleta tone la maji. Oktoba 11 kikosi cha jeshi cha CAPSAT, kilekile kilichomsaidia kuingia madarakani mwaka 2009, kikajiunga na waandamanaji, na tarehe 14 jeshi likachukua nchi.

Funzo la kiufundi ni kwamba katika kundi hili kufukuza watu hakuwi jibu. Kwenye wizi, kujiuzulu kwa mtu ni sehemu ya dai lenyewe. Kwenye huduma, ni ishara tu, na watu hurudi nyumbani wakakuta bomba bado limekauka.

Sri Lanka mwaka 2022 inaonyesha huduma, bei na uamuzi mbovu vikiwa vimeshikana hivi kwamba ukivuta kimoja vinakuja vyote. Kodi zilikatwa mwishoni mwa 2019, VAT ikishuka kutoka asilimia 15 hadi 8. Utalii ukafa na janga la UVIKO-19. Aprili 2021 mbolea za kemikali zikapigwa marufuku ghafla na mavuno yakaporomoka. Kufikia Machi 2022 umeme ulikatwa hadi saa 13 kwa siku, foleni za mafuta na gesi zikawa ndefu, na Aprili nchi ikasimamisha kulipa deni la nje. Julai 9 watu waliingia ikulu. Tarehe 13 Rais Gotabaya Rajapaksa akakimbia. Hapo kuandika "gharama za maisha" ni sahihi lakini ni nusu. Watu walikuwa wameweza kufuatilia kila upungufu hadi kwenye uamuzi wa familia moja iliyoshika urais na uwaziri mkuu.

Ukatili wa dola

Mara chache huwa chanzo cha mwanzo. Nigeria, Oktoba 2020, ulikuwa: kikosi cha polisi cha SARS, kilichoundwa 1992 kupambana na majambazi, kilikuwa kikiwakamata vijana, kuwatesa na kuwanyang'anya, na kilishaahidiwa kurekebishwa mara kadhaa kabla. Serikali ilikivunja tarehe 11 na siku mbili baadaye ikatangaza kikosi kipya, SWAT. Kwa waandamanaji lilikuwa jina jipya kwa askari walewale. Tarehe 20 wanajeshi wakawafyatulia risasi waliokusanyika Lekki, Lagos.

Mara nyingi zaidi ukatili ni kigeuzi. Hubadilisha chanzo kingine chochote kuwa yenyewe, na haurudishi nyuma. Bangladesh ndiyo ya kusoma kwa makini. Juni 2024 Mahakama Kuu ilirudisha mgao wa asilimia 30 ya nafasi za kazi serikalini kwa wazao wa wapigania uhuru wa 1971. Wanafunzi wakapinga: dai dogo, la kiutawala kabisa, lenye namba. Katikati ya Julai polisi na vijana wa chama tawala wakaanza kuua, intaneti ikazimwa. Tarehe 21 Julai Mahakama ya Juu ikashusha mgao huo hadi asilimia 5 na kuacha 93 kwa ustahili. Wanafunzi walikuwa wamepata karibu kila walichoomba. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mwanzoni mwa Agosti madai yakawa moja tu, Waziri Mkuu Sheikh Hasina aondoke, na tarehe 5 akakimbilia India. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria baadaye kuwa huenda waliouawa walifika 1,400.

Nepal ilirudia kwa kasi zaidi. Septemba 2025 serikali ilifungia mitandao 26 ya kijamii. Tarehe 8 watu 19 waliuawa, usiku uleule marufuku ikaondolewa, na kesho yake Waziri Mkuu K. P. Sharma Oli akajiuzulu huku majengo ya serikali yakiteketea.

Visivyofaa kuchaguliwa

Maelezo matatu hutolewa haraka sana na hayasaidii. La kwanza ni umaskini. Nchi maskini kabisa zina miaka mingi bila maandamano makubwa, na Chile ilikuwa miongoni mwa nchi tajiri za Amerika ya Kusini ilipolipuka. Kinachouma ni pengo kati ya kilichoahidiwa na kilichopatikana: kijana aliyesomeshwa kwa kuuza shamba, akamaliza chuo, akakaa nyumbani miaka mitatu.

La pili ni mitandao ya kijamii na vijana wake. Simu ni tarishi. Maputo walitumia ujumbe mfupi mwaka 2010, Misri ya 1977 haikuwa na hata hiyo. Mtandao hueleza kasi, na hueleza kukosekana kwa kiongozi wa kukamatwa, lakini hauelezi hasira. Serikali zinazoamini maelezo haya huzima intaneti, na wazazi waliokuwa wakifuatilia nyumbani hutoka kwenda kuwatafuta watoto wao.

La tatu ni mkono wa nje. Fedha za nje zinaweza kununua fulana, maji ya kunywa na spika. Kuwafanya watu maelfu kwa maelfu wakabili risasi kwa mkupuo haziwezi. Anayedai hivyo aombwe risiti.

Namna ya kupima

Andika tarehe ya kwanza watu walipotoka, kisha orodhesha kila uamuzi wa serikali, hukumu, video au ripoti ya wiki mbili zilizotangulia. Cheche itakuwa humo. Kisha kusanya mabango ya siku ya kwanza peke yake. Ya siku ya tano yameshachanganyika na hayafai kwa kazi hii; wengi huyatumia kwa kuwa ndiyo yenye picha nzuri. Angalia kama maneno yanataja bidhaa, kifungu, jina la mtu, mtaa, au aliyekufa. Hivyo vitano vinalingana na mistari mitano ya jedwali.

Halafu tafuta saa ambayo dai la kwanza lilikubaliwa, na hesabu umati wa siku iliyofuata. Ukipungua, cheche na kuni ni kitu kimoja. Ukikua, uliza nini kilitokea kati ya dai kutolewa na kukubaliwa. Brazil, Juni 2013, jibu liko wazi: nauli ya basi São Paulo ilipanda kutoka reali 3.00 hadi 3.20, polisi wakawapiga waandamanaji na wanahabari tarehe 13, nauli ikarudishwa tarehe 19, na tarehe 20 zaidi ya milioni moja wakatoka nchi nzima. Senti 20 zilikuwa zimesharudi mfukoni. Kipigo kilikuwa hakijajibiwa.

Anayeandika madai achague kulingana na chanzo. Kwenye kodi, taja kifungu na utake kifutwe, lakini ongeza dai la matumizi, la sivyo mtapewa kifungu na kuachwa na deni. Kwenye kura, dai tarehe na msimamizi. Kwenye wizi, dai mashtaka na kurudishwa kwa mali, kwa sababu kujiuzulu bila kesi ni likizo. Kwenye huduma, dai ratiba ya maji au umeme kwa mtaa, iliyobandikwa. Kwenye ukatili, dai namba za vikosi vilivyokuwa zamu na jina la aliyetoa amri.

Aliye upande wa serikali anahitaji kujua jambo moja zaidi kuhusu wakati: kukubali kabla ya mtu wa kwanza kuuawa hugharimu mswada; baada yake hugharimu mawaziri; baada ya makumi, hugharimu kiti. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, tofauti kati ya bei ya kwanza na ya tatu ilikuwa wiki tatu. Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, chini ya saa 48.

Na anayeripoti au kuandika historia asilazimike kuchagua chanzo kimoja kwa tukio zima. Achore mstari kwenye kalenda, aandike chanzo kimoja kabla na kingine baada. Kwa Kenya mwaka 2024 mstari huo unapita alasiri ya tarehe 25 Juni. Kabla yake ni Mswada wa Fedha. Baada yake ni waliouawa na waliotekwa, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeshahesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai, siku tano baada ya mswada wenyewe kukataliwa.